Magurudumu Chini ya Maharagi

Kingi, tarehe 14 Septemba

Kwako dada yangu Myriam,

Kabla sijakuamkia, acha nitoe kwanza lile linalonibana, maana nikianza na salamu nitaijaza karatasi yote kwa salamu na nitaishia hapo. Ni mimi niliyeliharibu gari la Papa Théophile. Si turubai, kama wanavyosema watu wote wa huku Kingi. Ni mimi, kwa mikono yangu hii, kwa miaka mitatu, kila Jumamosi. Sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si Papa, wala padri kwenye kitubio. Wewe ndiye wa kwanza.

Sasa naweza kukuamkia. Habari za Buleusa? Hujambo wewe, hajambo shemeji Benoît, na yule mdogo ambaye bado sijambeba, meno yameshatoka? Mama anauliza kama kikohozi chako kilikwisha, na kama mihogo yenu imepona ule ugonjwa wa majani. Sisi tuko, Mungu anatulinda. Mama ana nguvu, ila goti linamsumbua akipanda kilima. Maharagi tulivuna vizuri, na sasa tunalima tena kwa sababu mvua imeanza kufika kila siku saa nane mchana, kama mtu aliyepewa ratiba. Mimi nilipata diplôme. Asilimia hamsini na nane. Papa aliiandika namba hiyo kwa chaki kwenye mlango wa jikoni, juu ya ile mistari anayotupimia urefu kila Noeli, na hadi leo hakuna anayeruhusiwa kuifuta.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua, network ya kwenu inakuja na kuondoka. Ya pili ni kwamba simu ya hapa nyumbani ni ya Papa, na siwezi kuyasema haya ndani ya simu ya Papa huku mwenyewe amekaa pembeni akingoja zamu yake ya kusema bonjour. Halafu unanijua. Maneno yangu yanafika kwenye meno, yanarudi. Kwenye karatasi yanatoka.

Lile gari umelisikia kwenye habari za nyumbani, ingawa uliolewa kabla halijafika kwetu. RAV4 nyeusi ya Papa Théophile, parrain wako aliyekusimamia ubatizo. Siku ile wafanyakazi wa centre de santé, kituo cha afya, walipokimbia mapigano, Papa Théophile alilileta mpaka hapa, kwa sababu mbele barabara ilikuwa imefungwa. Alimwekea Papa ufunguo mkononi akasema, "Evode, unichungie hii." Hakukuwa na muda wa kusema zaidi. Akaendelea kwa miguu na familia yake, na mtoto wake mmoja amevaa kiatu kimoja tu.

Papa unamjua. Akiazima jembe la mtu analiosha kabla ya kulirudisha, hata kama alilichukua na udongo. Gari lile alilisukuma na majirani hadi ndani ya zizi, maana ng'ombe walikuwa hawapo tena, akalipandisha juu ya mawe, akatoa magurudumu yote manne, akalifunika kwa turubai. Aliyafunga kwa magunia, akachimba kwenye shamba la chini ya nyumba, akayazika, na wiki ileile akapanda maharagi juu yake. Alisema anayetaka kuiba motokari hii aibebe kichwani. Na sisi tulipokimbilia mjini Masisi centre kwa miezi miwili, tulirudi tukakuta nyumba haina milango, lakini gari limekaa juu ya mawe yake kama mama anayengoja misa ianze.

Tangu hapo likaitwa motokari ya Evode. Wanaume wakitoka shambani walimwuliza lini atawapeleka Goma, na Papa, ambaye hata kinga, yaani baiskeli, hajui kuiendesha, aliwajibu kwamba anangoja kwanza maharagi yakomae. Walicheka. Hawakujua kwamba anawaambia ukweli. Maharagi ya sehemu ile yalikuwa mafupi, nadhani mizizi ilikuwa inagonga mpira. Papa aliyavuna peke yake kila msimu, akayaweka kwenye debe lenye kifuniko, na juu yake akaandika THÉOPHILE.

Sasa sehemu yangu. Kosa langu lilianza kama kazi nzuri. Unajua volkano ikipumua upande wa kwetu, asubuhi unakuta majani ya maboga yamekuwa ya kijivu. Lile vumbi liliingia kwenye zizi kupitia nafasi za mbao, likapita kwenye matundu ya turubai, likalala juu ya gari. Niliona aibu kwamba kitu cha watu kinalala na uchafu. Basi kila Jumamosi nikirudi kisimani niliingia, nikakunja turubai upande mmoja, nikaupangusa mlango kwa kipande cha kitenge changu cha zamani, mpaka nione uso wangu.

Na nikishauona uso wangu, nilikuwa naongea. Hili nalo sijamwambia mtu. Unakumbuka mwalimu wa Kifaransa alivyoniita Mademoiselle Silence mbele ya darasa zima. Mbele ya mlango wa gari lile sikuwa Silence. Nilijibu maswali, nilieleza sheria za fizikia, nilijifanya mtahini na mwanafunzi wote wawili. Oral yangu ya Kifaransa, ule mtihani wa kusema, niliisomea pale, na pale ndipo nilipoipatia. Kila mara nilianza kwa kupangusa. Vumbi kavu, kitambaa kikavu, na mkono unaozunguka, unaozunguka.

Mwaka jana kuku walipata njia ya kulala juu ya kapoti, kile kifuniko cha injini. Waliacha mavi yao yakakauka kama sementi. Nikafanya kile Mama alichotufundisha kwa sufuria yenye masizi: majivu ya jikoni, maji kidogo, na nyuzi za mgomba. Yalitoka yote. Kulikuwa na giza mle zizini, na mimi niliona tu kwamba uchafu umekwenda, nikafurahi.

Mwisho wa Agosti Papa Théophile akapiga simu. Amerudi, wamempa centre de santé nyingine, na baada ya wiki mbili, siku ya Jumapili, atakuja kuchukua gari lake. Papa alizima simu akabaki ameishika kwa mikono miwili. Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili, na baada ya misa alishuka shambani na jembe, nusu ya kijiji nyuma yake, akafukua. Gurudumu la kwanza lilipotoka, wale wanaume wa maswali ya Goma walikaa chini kwa kucheka. Mmoja alimwuliza mmea huu unazaa mara ngapi kwa mwaka. Papa naye alicheka. Muda mrefu sikuwa nimemwona akicheka na watu hivyo.

Walifunga magurudumu, wakayatia upepo, wakalisukuma gari kutoka zizini hadi juani.

Dada, sijui nitakuelezaje. Kwenye kivuli lilikuwa jeusi. Kwenye jua lilikuwa limejaa utando wa buibui. Mikwaruzo midogo midogo, maelfu, kila mmoja duara, na jua likisogea nayo inasogea. Kwenye kapoti palikuwa na kidoa kama wingu, kipana kama sahani, hakiakisi chochote. Watu walisogea. Halafu Mama Nyiransengimana, yule jirani yetu ambaye hajawahi kuacha kimya kipite bure, alisema, "Evode, ulikuwa unachunga motokari ao ulikuwa unaikuna?"

Papa alilizunguka gari polepole. Aliinama kwenye milango, akasimama, akaangalia paa kwa muda mrefu, akainama tena. Mtu mmoja alisema itakuwa turubai, upepo wa huku juu unalipigapiga. Wote wakakubali. Papa alitazama chini akasema, "Kama ni ile turubai, ni miye niliifunga." Akaingia ndani.

Nilipaswa kusema pale pale. Nilikuwa nimesimama karibu na bawaba ya mlango wa zizi na maneno yalikuwa tayari, nilikuwa nimeyapanga kwa utaratibu. Hayakutoka. Jioni Papa alikula vijiko vitatu akasema ameshiba. Alimwambia Mama kwamba mtu akikupa kitu, umrudishie kitu kilekile, na kwamba miaka yote hii alikuwa anaingoja siku ya kumwangalia Théophile usoni, na sasa siku imekuja, uso umemtoka. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Niliuchambua mara mbili.

Jumatatu Papa alikwenda Masisi centre kununua chumvi. Alirudi bila chumvi. Mama alimwuliza mtu anatembea vipi njia yote ile kwa ajili ya kitu kimoja na anasahau kile kimoja, na Papa alisema kweli amezeeka. Nakuandikia hili kwa sababu lina kazi yake mbele.

Mimi siku hizo nilikuwa na wazo moja tu. Huko centre yuko Papa Albert, aliyeendesha magari ya shirika moja kwa miaka kumi na tano, na sasa ana kiwanja chake cha kuosha pikipiki na jeep. Watu wanasema anaweza kulirudishia gari sura yake. Jumanne nilivaa, nikatembea mpaka kwenye kona ya mwisho, nikarudi. Jumatano sikuthubutu hata kuvaa. Alhamisi nilifika kwenye lango lake. Lilikuwa wazi. Nilisimama nje mpaka aliponiona, akasema, "Kama ni mayai, enda kwa mama, iko huko nyuma." Nikasema si mayai. Halafu nikasema yote kwa pumzi moja: gari ni jeusi, si letu, limekwaruzwa, mwenyewe anakuja Jumapili ya wiki ijayo, sina cha kulipa lakini nina mikono. Sikusema nani alilikwaruza.

Papa Albert alikausha mikono yake taratibu. Alisema gari jeupe lina huruma, linakusamehe, lakini jeusi linaandika yote. Akasema Jumamosi asubuhi atakuja, na badala ya malipo nitamwoshea pikipiki mwezi mzima, na kama ninaogopa matope nirudi nyumbani sasa hivi.

Jumamosi akafika na mfuko wa vitu vyake. Papa alimpokea kwa sauti kubwa kuliko kawaida, akisema, "Albert, ni siku nyingi," na kumbe mabidoni manne ya maji yalikuwa tayari yamepangwa chini ya mparachichi. Papa alisema maharagi yanalowekwa kwa maji mengi. Sikuwaza zaidi.

Papa Albert alipiga magoti kando ya mlango, akafumba jicho moja, akaangalia. Papa alikuwa amekwenda kuchukua ndoo. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Turubai inakwaruza kwa njia ya upepo. Hii iko inazunguka. Hii iko mukono ya muntu." Akasimama, akagusa paa, ambalo lilikuwa laini, bila alama hata moja. "Na iko muntu mufupi," alisema. Kisha akanipa sifongo kama vile hakuna aliyesema kitu.

Tulifanya kazi asubuhi sita, kabla mvua haijafika. Nakuandikia jinsi ilivyo kwa sababu natamani mtu ajue, na hapa hakuna anayeniuliza. Gari jeusi haliguswi juani, sabuni inakauka na kuacha ramani. Linaoshwa kivulini, kuanzia paa kushuka, maana mchanga mwingi uko chini. Ndoo ni mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia sifongo, na ndani ya ile ya kusuuzia Papa Albert anaweka kichujio cha jikoni kilichopinduliwa, ili mchanga ukishuka ubaki chini usirudi. Maji ya kisima chetu baada ya mvua yana tope, kwa hiyo tuliyaacha yalale, tukamimina ya juu tu. Mkono unakwenda kwa mstari, hauzunguki. Nilikausha kwa nepi za pamba ambazo Mama alitulea nazo. Bila shaka moja ilikuwa yako.

Halafu alinivika mfuko wa plastiki mkononi akaniambia nipapase mlango. Mahali ambapo macho yangu yaliona usafi, vidole vilisikia chembechembe kama sukari. Ni lile vumbi la volkano, lilikuwa limejishika kwenye rangi. Tuliling'oa kwa kipande cha udongo laini cha kazi hiyo, kikiteleza juu ya maji ya sabuni. Baada ya hapo ndipo ile dawa ya kusugulia, nyeupe kama maziwa mazito. Papa Albert alikuwa na kopo lililobaki tangu siku za shirika. Alianza na sehemu ndogo kama daftari, akabandika utepe katikati ya mkwaruzo, akaniambia nisugue upande mmoja. Nilisugua mpaka bega likawaka. Alipoubandua utepe, Myriam, upande mmoja ulikuwa wavu wa buibui na upande wa pili ulikuwa anga. Niliona maparachichi yakining'inia ndani ya mlango.

Nilisema, "Inatoka." Papa Albert alisema siku hiyo ndipo alipojua kwamba nina sauti.

Kile kidoa cha kapoti hakikutoka chote. Alinieleza kwamba juu ya rangi kuna ngozi nyembamba inayong'aa, anaiita verni, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na kila ukisugua unakula kidogo. Ukitaka kuondoa kosa lote utaondoa na rangi yenyewe. Alisema tukifika hapa, tuache hapa. Hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko kusugua. Nilitaka kisiwepo kabisa.

Siku ya mwisho ilikuwa ya nta. Mimi nilichota kwa ukarimu, na yeye alinishika mkono. Alisema hupaki siagi kwenye mkate, unapaka mafuta kwenye uso wa mtoto mchanga. Nta inapakwa nyembamba, inaachwa mpaka ifanye ukungu, na kwa baridi ya huku kwetu inachelewa. Tulikaa tukingoja. Papa alikuwa anapita na jembe, anarudi na jembe, bila kulima chochote. Nilipopangusa ule ukungu, gari zima lilitoka jeusi, jeusi la kweli, na kilima cha mbele ya nyumba kilikuwa ndani yake pamoja na njia na mbuzi wa Mama Nyiransengimana. Yeye mwenyewe alikuja kuangalia. Alijitazama, akarekebisha kitambaa cha kichwa, akasema sasa motokari imeanza kusema ukweli kuliko kioo chake cha nyumbani.

Jumapili Papa Théophile alifika na fundi na betri mpya. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe pembeni, lakini kicheko ni kilekile. Yeye na Papa walishikana mikono muda mrefu. Aliuliza magurudumu yalilala wapi, Papa akamwonyesha shamba, akamletea na lile debe la maharagi. Parrain wako alilisoma jina lake kwenye kifuniko, akageuka akatazama upande mwingine.

Halafu Papa alimpeleka kwenye kapoti. Mimi nilifuata nyuma. Papa hakusema habari ya turubai. Alisema, "Théophile, ilipata vidonda kwangu, na ni kwangu njo ilitunzwa. Iko kovu moja ilibaki. Iangalie." Parrain wako aliinama, akalitafuta, akaliona kwa shida. Aliweka kiganja juu yake. Alisema ikiwa motokari imepita miaka hii yote na kovu moja, basi imetushinda sisi wote, na aliuliza ni nani aliyeitunza hivi, kwa sababu hata siku anainunua haikuwa hivi.

Papa aligeuka kuniangalia. Hakusema jina langu. Alingoja tu.

Na mimi nikaongea, dada. Nilimwambia Papa Théophile kwamba asikubali mtu yeyote apanguse vumbi likiwa kavu, hata kwa kitambaa laini, hata kwa nia nzuri, kwa sababu vumbi la huku ni kama kioo kilichosagwa. Nilimwambia habari ya ndoo mbili. Nilimwambia asitumie majivu. Nilimwambia kwamba nta inadumu miezi mitatu, na Desemba alilete gari hapa nilipake tena. Baadaye nilihesabu, zilikuwa sentensi kumi na moja, mbele ya watu. Mama alikuwa ameshika sinia la chai na alisahau kuliweka chini. Papa Théophile alisema Desemba atalileta, na kwamba centre yake ina ambulance na jeep ambazo zinaoshwa kwa ufagio, na atazungumza na wakubwa wake juu yangu. Sijui kama watakubali. Lakini aliliandika jina langu lote, Muhawenimana, kwenye daftari lake la kazi.

Jumatatu nilikwenda kuanza mwezi wangu wa pikipiki kwa Papa Albert. Niliosha mbili, yeye akiniangalia. Ya tatu ilipokwisha akasema, kama mtu anayesema habari ya mvua, "Papa yako alisema utafika mardi. Ulifika jeudi."

Ni kweli, Jumanne niligeuka njiani, Alhamisi ndipo nilipofika. Nikamwuliza Papa yupi.

"Uko na ba Papa ngapi?"

Basi akanieleza. Jumatatu ile ya chumvi, Papa alikaa pale kiwanjani juu ya tairi la zamani. Alimwambia Papa Albert kwamba mtoto wake ameharibu kitu kwa kukipenda. Alisema milango yote imekwaruzwa, lakini paa halina kitu, na mikwaruzo inaishia pale mkono wa Muhawe unapoishia, na urefu huo yeye anaujua kwa sababu anaupima kila mwaka. Alisema Jumamosi nyingi alisimama nyuma ya zizi na jembe lake, akimsikia mtoto wake anayesemwa hana sauti akieleza fizikia, na akaondoka kwa vidole vya miguu ili asiikate ile sauti. Hakujua kwamba kitambaa kinakwaruza. Angejua, alisema, labda bado asingeingia. Kisha alisema, "Nikimutuma, atakuja kama muntu wa kutumwa. Nataka aje mwenyewe. Atakuja mardi. Usimufukuze, na usimwambie nilifika." Papa Albert aliniambia kwamba Jumanne, Jumatano na Alhamisi hakulifunga lango lake.

Niliosha pikipiki ya nne bila kuiona vizuri.

Papa anayefundisha katekisimu, dada, ambaye hajawahi kudanganya hata kwa habari ya yai, aliacha kijiji kizima kiseme turubai. Nilirudia maneno yake njia nzima. Hakusema ni turubai. Alisema kama ni turubai, yeye ndiye aliyeifunga. Aliweka jina lake juu ya kosa langu na bado hakusema uongo.

Wakati wa kuondoka Papa Albert alinipa pesa kidogo ambazo hatukupatana, akasema ni za zile pikipiki nilizoosha vizuri. Nikapita sokoni. Nikanunua chumvi. Nilipofika nyumbani nikaiweka mezani, na Mama akasema hatimaye kuna mtu mmoja katika nyumba hii anayekwenda centre na akili zake. Papa alikuwa anarekebisha mpini wa jembe. Aliitazama ile chumvi kwa muda. Akaniuliza kama Albert hajambo. Nikasema hajambo. Akarudi kwenye mpini wake, na mimi nikaenda kuosha miguu.

Hayo ndiyo yote. Msalimie sana shemeji Benoît, umbusu mdogo kwenye meno yake, na uwasalimie mama mkwe na wote wanaotuuliza huko Buleusa. Mama anakutumia maharagi kilo mbili kwa huyu motari wa pikipiki anayepita Kalembe, si yale ya debe, yale yamekwenda na mwenyewe. Mvua imefika, nasikia kwenye mabati, saa nane kamili.

Lile neno la kwanza la barua hii, kwamba ni mimi niliyelikwaruza gari, halinibani tena. Ukitaka mwambie Benoît. Parrain wako usimwambie tu, kwa sababu Desemba atakapolileta gari nitamwambia mwenyewe, nikiwa na kitambaa mkononi, na nimeanza kuyapanga maneno. Lakini hili la mwisho, kwamba najua Papa alijua, lifunge kabisa. Ukipiga simu usicheke, usiulize habari ya chumvi. Yeye aliitunza siri yangu kama alivyoyatunza magurudumu, na akapanda maharagi juu yake. Nami nataka niitunze ya kwake.

Mdogo wako anayekupenda,

Muhawe